Mfaume na Kitambaa cha Kuwavisha Farasi

Kinondoni ya wakati ule ilikuwa mihogo na minazi, na nyumba za udongo zimeachana kiasi kwamba ukimwita jirani lazima upaze sauti. Ukifika ukamuulizia Mfaume bin Kombo, watu wangekuuliza kwanza ni Mfaume yupi, maana kulikuwa na Mfaume mpiga zumari na Mfaume muuza mkaa. Huyu wetu walimwita Mfaume Farasi, na wala hakulichukia jina hilo. Alinuka farasi kuanzia kofia mpaka ndara, na mkewe, Bi Somoe, alikuwa hamruhusu kuvuka kizingiti kabla hajaoga uani.

"Usiniingie ndani na harufu ya mke mwenzangu," alikuwa akimwambia kila akirudi kazini, huku akimsukumia ndoo ya maji kwa mguu.

"Mke mwenzio anakusalimu," Mfaume angejibu. "Kasema leo umenipakulia uji mdogo."

Mke mwenza mwenyewe alikuwa farasi jike wa rangi ya kijivu. Wazungu walimpa jina refu ambalo hakuna saisi aliyeliweza, basi masaisi, yaani watunza farasi, wakamwita Biarusi, kwa vile alivyokuwa akitembea taratibu, kichwa chini kidogo, kama anayetolewa nje kwa mara ya kwanza baada ya fungate. Alishushwa melini miaka saba nyuma, mbavu zinahesabika, singa za shingo zimejaa chawa, hataki mtu amkaribie. Mfaume aliketi kwenye banda lake siku tatu bila kumgusa wala kumsemesha. Siku ya nne Biarusi akaja mwenyewe, akaweka kidevu chake juu ya bega la Mfaume, akakiacha hapo. Tangu siku hiyo mtu na mnyama wakawa hawaachani, na mtoto pekee wa Mfaume, Mwanaheri, alipoolewa Bagamoyo na nyumba ikapoa, Bi Somoe aliona wazi mumewe anapeleka wapi maneno yake yote mazuri. Alitania, lakini hakununa.

Banda lilikuwa la Bwana Hedili, Mzungu mmoja mwenye uso mwekundu aliyekodisha farasi kwa Wazungu wenzake wa mjini, wa kupanda jioni na wa kushindana siku za sikukuu. Lilikuwa njia ya Msasani, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kwa Mfaume. Farasi walikuwa watano, masaisi wawili, na mkubwa wao alikuwa Mfaume.

Sifa yake ilikuwa mkononi. Alifundishwa kazi na Fundi Sarahani, mzee wa Unguja aliyekulia katika mabanda ya matajiri wa Kiarabu, na fundi huyo alikuwa akimfunga Mfaume kitambaa cha macho na kumpitisha kiganja juu ya farasi, kinyume na manyoya yanavyolala. Sema umekuta nini. Ukikosea, anza tena kwenye sikio. Mpaka anapata ndevu Mfaume alikuwa anajua kwa kugusa tu. Joto kidogo mgongoni lilikuwa tandiko limekaa vibaya, kesho patachubuka. Manyoya yaliyoganda vishada vishada, ukivuta yanatoka na kigaga na chini pana majimaji, hiyo ni mvua ya masika, farasi amelowa na hakukaushwa. Mkia uliochakaa juu kwa kujikuna ukutani ni wadudu. Na doa la duara lisilo na manyoya, lina vumbi la kijivu kama majivu yamepeperushwa, ni choa, na choa kinahama kwa brashi, kinahama kwa kamba, kinahama mpaka kwa saisi mwenyewe.

Ansbert, saisi wa pili, aliyajua ya choa kwa ngozi yake. Alikuwa mtu wa Bukoba, mwenye miaka thelathini hivi, mcha Mungu wa kanisani, amesoma, alikuja Dar es Salaam kutafuta ukarani akaishia kubeba maji ya farasi. Mwanzoni aliwaogopa, akawa anawapiga brashi amenyoosha mkono na miguu iko tayari kukimbia. Mwezi wake wa pili tu, farasi aitwaye Kapteni alitoka madoa matatu shingoni, na wiki iliyofuata Ansbert akatoka la kwake chini ya sikio.

"Hiyo ni salamu ya Kapteni," Mfaume alimwambia, kisha akaacha kucheka akamketisha chini amfundishe. Akamwonyesha kuwasugua wote wawili, farasi na saisi, kwa sabuni ya magadi, akachanganya unga wa kiberiti upele na mafuta ya nazi, akawapaka. Brashi ya Kapteni akaifunga uzi mwekundu, na ndoo yake, na kamba yake. "Chenye uzi mwekundu kisiguse mwingine. Hata kama mie mwenyewe nikikwambia lete, usilete."

"Nimesikia, mzee," Ansbert akajibu. Na kweli alisikia. Tangu hapo hakukosea hata mara moja, na hilo naomba likumbukwe.

Sasa kulikuwa na kitambaa. Fundi Sarahani alipokaribia kufa alimpa Mfaume kipande cha sufu, ukubwa wa kanga iliyokunjwa mara nne, cheusi kwa umri na mafuta. Katika kazi yao, farasi hakuwa tayari kwa sababu tu amepigwa brashi na kuchanwa. Ilibaki kumvisha. Saisi alikizungushia kiganja kitambaa hicho, akampitishia farasi kuanzia paji la uso, shingo, kifua, mgongo, mapaja mpaka kwato, mara moja tu na bila kuinua mkono, na hapo ngozi inang'aa mpaka unaona kivuli chako. Farasi ambaye hajavikwa, Fundi Sarahani alisema, yuko uchi, na saisi anayemtoa farasi uchi hana haya. Kitambaa chenyewe hakikufuliwa kamwe. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya miaka arobaini, nazi na nta na jasho la farasi waliokwishakufa, na kukitia sabuni ilikuwa sawa na kukiua. Mfaume alikivaa begani siku nzima. Alianza na Biarusi kila asubuhi, ndipo wafuate wengine, na nani asiyejua kwa nini.

Kitu kingine alichokithamini kilikuwa kanzu moja ya darizi nyekundu shingoni, ambayo Bi Somoe alimshoneshea kwa fundi Mhindi wa Kariakoo kwa ajili ya arusi ya Mwanaheri. Ilikaa sandukuni na vipande vya udi, ikatoka Idi mbili kwa mwaka, ikarudi. Msikitini kuna watu waliomsubiri Mfaume Farasi aingie nayo, kwa sababu siku hizo mbili alikuwa hanuki.

Mwaka ule wa thelathini na nane, masika yalipokatika, Bwana Hedili alinunua farasi wa sita kutoka kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Farasi wa kahawia, mrefu, mpole, jina lake Meja. Bwana Hedili alimzunguka huku akijipiga paja kwa furaha, maana mashindano yalikuwa yamebaki wiki tatu. Mfaume naye akamzunguka, kiganja chake kikipita kinyume na manyoya. Upande wa ndani wa mguu wa nyuma kikasimama.

Palikuwa na kinundu kimoja, kigumu, ukubwa wa punje ya kunde. Hakikuwa na joto wala Meja hakushtuka kilipobinywa. Mfaume akashuka nacho kwa kidole cha shahada, akakuta kingine, kidogo kuliko cha kwanza, kimekaa kwenye mshipa uleule. Kati ya vinundu hivyo viwili mshipa ulikuwa umekakamaa kama uzi. Akautambua ugonjwa. Fundi Sarahani aliuita ugonjwa wa shanga, kwa sababu vinundu vinajipanga kwenye mshipa mmoja baada ya mwingine, kisha vinapasuka na kutoa usaha mzito wa manjano unaofanana na asali. Unaingia penye mkwaruzo wowote, hata mdogo. Kule Unguja fundi aliona banda la farasi kumi na wanne likimalizwa na ugonjwa huo mwaka mmoja.

"Bwana, huyu ni mgonjwa," alisema. "Aitwe daktari wa wanyama."

"Mwiba," Bwana Hedili akasema. "Amechomwa na mwiba."

"Si mwiba, bwana. Mwiba hauna mdogo wake."

Bwana Hedili hakufurahi. Alisema daktari ataitwa baada ya mashindano. Mfaume akaitikia ndiyo bwana, halafu akafanya la kwake. Siku hiyohiyo alimhamishia Meja kwenye kibanda cha zamani cha majani makavu, upande wa pili wa uwanja, upepo unakoelekea. Akampa ndoo yake, brashi yake, chanuo lake, kamba yake na tandiko lake, vyote vina uzi mwekundu. Ansbert ndiye aliyewekwa kumhudumia Meja peke yake, na akikanyaga huko anaosha mikono na miguu kwa maji ya dawa kabla hajarudi. Bwana Hedili alipouliza mbona farasi wake mpya amefungwa kama mfungwa, Mfaume alimwambia anamzoeza upweke. Alikuwa haongopi mara nyingi, lakini hilo aliliongopa bila kupepesa.

Wiki mbili hazikuisha, shanga zilikuwa tisa, na ya kwanza imepasuka. Bwana Hedili aliiona asali ile mwenyewe, akaingia kwenye motokaa, akarudi na daktari.

Daktari alikuwa Mzungu mwembamba, mpole, mwenye Kiswahili cha kutosha. Alimtazama Meja, akavitazama vyombo vyenye uzi mwekundu, akamtazama Mfaume kwa muda mrefu.

"Nani alikufundisha?"

"Fundi wangu, bwana. Marehemu."

"Umeokoa farasi watano," daktari akasema. Kisha akaeleza lile Mfaume alilolijua tayari. Dawa hakuna, sheria ni risasi na moto. Kesho saa mbili asubuhi askari atakuja na bunduki. Vyombo vyote vya Meja vichomwe, kibanda kichomwe, na hadi wakati huo asiguswe na mtu.

Asubuhi hiyo Mfaume aliwahi. Alimkuta Meja amesimama kwenye kibanda, wiki mbili hajasafishwa ipasavyo maana Ansbert aliogopa vidonda, vumbi limemlalia mgongoni na majani yamenasa mkiani. Alipomwona mtu akatikisa masikio, akasogea. Meja hakuwa amemkosea yeyote. Alinunuliwa, akafungwa peke yake, na sasa anatolewa akafe, tena yuko uchi. Mfaume alisimama mlangoni akashindwa kumwacha hivyo. Alipiga moyo konde akaingia, akampiga brashi yake mwenyewe ile ya uzi mwekundu, halafu, kwa mazoea ya miaka ishirini na mitano, mkono ukapanda begani ukashusha kitambaa.

"Mzee," Ansbert akasema kutoka nje. "Tuliambiwa tusimguse."

"Mikono nitaiosha."

Akamvisha kuanzia paji la uso, shingo, kifua, mgongo, mapaja. Penye vidonda alipita juujuu. Meja aling'aa vizuri kuliko siku aliyonunuliwa, na hivyo ndivyo alivyotolewa kwenda shimoni. Mfaume akaosha mikono mpaka kwenye viwiko kwa maji ya dawa, akaosha miguu, akabadili shati, akalitupa la zamani motoni pamoja na ndoo na brashi na kamba. Kitambaa kilikuwa kimerudi begani pake. Hakukifikiria, kama vile mtu asivyofikiria kuvua kidole chake akakichome.

Kesho yake asubuhi alimvisha Biarusi kwanza, kama kawaida.

Daktari alimwandikia cheti, chenye muhuri, kinasema kwamba Mfaume bin Kombo anayatambua magonjwa ya ngozi ya farasi mapema kuliko wengi waliosoma. Ansbert akakisoma kwa sauti barazani Kinondoni mbele ya majirani, kwa Kiingereza na kisha kwa Kiswahili, na Bi Somoe akapika vitumbua mtaa mzima wakala. Sina hakika kama Mfaume aliwahi kuwa na siku nzuri kuliko hiyo. Cheti kikalazwa sandukuni, juu ya kanzu ya Idi.

Ilipita kama miezi miwili. Siku moja katika mwezi wa Shaabani, pepo zimeanza kugeuka na mvua za vuli zinanukia, Mfaume alikuwa akipitisha kiganja kwenye shingo ya Biarusi, mahali alipojikwaruza na waya wa uzio kabla ya vurugu za Meja. Mkwaruzo ule ulipona zamani. Kiganja kikasimama. Akakirudisha nyuma, akakileta tena, polepole. Akafumba macho kama alivyofundishwa.

Vilikuwa vitatu.

Hakumwambia mtu kwa siku mbili. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mwenyewe alilisema baadaye. Siku hizo mbili alijidanganya kuwa ni kuumwa na nzi, akapaka kiberiti upele, akachemsha majani ya mwarobaini akakanda, akasoma na Ayatul Kursiyu akipuliza shingoni, na kidole chake kila mara kikamjibu vilevile. Lakini alimtenga. Siku ya tatu asubuhi akaenda kwa Bwana Hedili, akasimama mlangoni, akasema, "Bwana, aitwe daktari." Bwana Hedili hakutaja mwiba.

Daktari aliwapapasa wote, mmoja baada ya mwingine, kuanzia kichwani hadi kwato. Wanne wazima, Biarusi ni shanga. Akavua kofia, akajipangusa.

"Kitu gani kimemgusa Meja, kisha kikamgusa huyu?"

Mfaume akasema hakuna. Aliapa. Alihesabu kila kitu, ndoo, chanuo, tandiko. Bwana Hedili hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akimtazama Ansbert.

"Nani alibeba maji ya Meja?"

"Mimi, bwana," Ansbert akajibu.

"Ulichanganya ndoo."

Ansbert alimtupia Mfaume jicho, mara moja, kisha akatazama chini. Hakukana. Bwana Hedili akapandisha sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akamwambia akusanye vitu vyake, saa sita asimkute, na barua ya kazi asahau. Mtu wa Bukoba, mke na watoto wako kwao wanamtegemea. Ansbert akageuka akaenda zake chumbani.

Mfaume akaenda kwa Biarusi, kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Nzi walikuwa wamemzonga machoni. Akashusha kitambaa begani awafukuze, na kwa vile jua lilikuwa limepanda na kuingia moja kwa moja bandani, akakiona kama ambavyo hakukiona miezi miwili yote. Katikati, mahali kiganja kinapokaa, palikuwa na baka limekauka, la manjano, linang'aa. Akalikwaruza kwa ukucha, likatoka vipande vidogo vya asali ngumu.

Akakaa chini kwenye majani. Alikumbuka sauti ya Ansbert kutoka nje ya kibanda. Alikumbuka na asubuhi ya pili yake, nani alianza kuvikwa, na kwamba mkwaruzo wa waya ulikuwa bado mbichi. Wanne wengine walipona kwa sababu hawakuwa na jeraha, na kwa sababu kitambaa kiliwafikia baadaye. Angempenda Biarusi kidogo tu chini ya hapo, angekuwa wa mwisho na pengine angeishi.

Alikaa hapo muda, na sitaficha alichokiwaza. Hakuna aliyejua. Cheti kiko sandukuni. Ansbert ni kijana, atapata kazi nyingine bandarini. Mawazo hayo yalimpitia, akayaona yanavyopita. Halafu akanyanyuka, akakishika kitambaa kwa ncha, mkono umenyooshwa mbali na mwili, akavuka nacho uwanja mpaka walipokuwa wale Wazungu wawili.

"Ansbert hana kosa," alisema. "Ni mie."

Akawaeleza yote. Alipomaliza, daktari hakupayuka. Afadhali angepayuka.

"Nilisema vyombo vyote vya Meja vichomwe."

"Vilichomwa vyote, bwana. Hiki hakikuwa cha Meja. Kilikuwa changu."

Walikichoma palepale. Mafuta ya miaka arobaini yaliwaka moto mrefu, na Mfaume alitazama mpaka mwisho. Kisha akaenda chumbani kwa Ansbert, akamkuta amefunga mzigo wake tayari, ameukalia.

"Fungua," Mfaume akamwambia. "Huendi popote. Kwa nini hukusema? Uliniona kwa macho yako."

"Niliona, mzee. Lakini sikuwa na hakika kama ndicho." Ansbert alikuwa akizungusha rozari vidoleni. "Na hata ningekuwa nayo, ningekuambiaje wewe? Wewe ndiye uliyeniponya choa."

Mfaume akamsogelea. Akaweka mkono juu ya kichwa cha yule mtu, akakumbuka mkono huo ulishika nini, akauondoa haraka.

Siku iliyofuata, alfajiri, alitoka nyumbani na kifurushi kwapani. Bi Somoe alimwona, hakumuuliza. Alikuwa ameambiwa tangu jana, na usiku kucha hakutania hata neno moja.

Kule bandani Biarusi alikuwa amesimama akimsubiri. Mfaume alimchana singa, akamtoa majani mkiani, akampiga brashi polepole. Kisha akafungua kifurushi, akatoa kanzu ya darizi. Kitambaa cha kumvisha hakikuwapo tena na kingine hakukiona kinachomfaa. Aliizungusha kiganjani, akaimiminia mafuta mapya ya nazi, akaanza kwenye paji la uso. Safari hii hakupita juujuu. Alipofika shingoni aliviweka vile vinundu ndani ya kiganja, kimoja kimoja, akashuka kifuani, mgongoni, mapajani, mpaka kwato, mara moja bila kuinua mkono. Ansbert alikuwa mlangoni na hakusema waliambiwa asiguswe.

Kamba aliishika mwenyewe hadi kwenye shimo. Biarusi alitembea mwendo wake uleule, kichwa chini kidogo. Wakati askari anatia risasi kwenye bunduki, Biarusi alisogea, akaweka kidevu juu ya bega la Mfaume, lile bega la kitambaa. Mfaume alilia mbele ya askari, mbele ya daktari, mbele ya Bwana Hedili, wala hakuufunika uso. Askari akamwambia, "Baba, sogea." Akasogea.

Kanzu akaitupa kwenye moto uleule.

Bwana Hedili hakumfukuza. Alimwambia apumzike wiki moja arudi, maana mkono kama ule hauokotwi. Mfaume akashukuru, akamkabidhi Ansbert funguo, hakurudi tena. Alikaa Kinondoni akisuka makuti ya kuezekea. Watu waliendelea kumletea wanyama, punda aliyetoka vigaga, mbuzi aliyenyonyoka manyoya, naye aliwatazama kwa mbali, mikono nyuma, akasema hicho ni choa, huo ni upele, fanyeni hivi, chombo chake kisiguse mwingine. Wakimwomba awapapase alikataa. Wengine wakasema anaringa na cheti chake. Hawakujua kwamba cheti alikirudisha kwa daktari kwa mkono wa Ansbert, siku ileile ya risasi.

Mwezi wa Ramadhani ukaja, ukaisha. Siku ya Idi watu walimwona Mfaume akienda msikitini na shati la kila siku na kikoi kilichopauka. Alikaa safu ya nyuma. Wanawake wawili wa mtaani walipopita kwa Bi Somoe kupeana mkono wa Idi, walimkuta barazani na sinia la kaimati mapajani, na mmoja wao, Bi Mwanamkuu, ambaye hakuwa na ubaya ila mdomo, hakuweza kujizuia.

"Na ile kanzu ya darizi, shoga? Mbona mzee kaenda kama anakwenda shamba? Au kaigawa?"

Bi Somoe alikuwa amelifungua sanduku tangu siku ileile ya risasi, akakuta udi peke yake. Alilifunga, hakumuuliza mumewe wakati ule wala baadaye.

"Kamvisha mke mwenzangu," akasema.

Mwanamkuu alifungua kinywa acheke, kama walivyozoea kulicheka neno hilo miaka yote saba. Kisha akamwona Bi Somoe usoni, akakifunga. Bi Somoe alimwekea sinia mikononi, akaingia ndani, na wale wageni wakasimama barazani wakimsikia anavyolia.